Ngozi ya Mbayuwayu

19 Oktoba

Leo nimepimwa presha pale zahanati. Mhudumu aliangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia mashine tena kama mtu anayeshuku kwamba mmoja wetu ni mbovu. Akauliza, "Mzee Joakim, nani anakukasirisha?" Nikamwambia ni ndege. "Ndege gani, hawa wanaokula mtama?" Nikasema hapana, ile ya chuma. Akaandika kitu kirefu kwenye kadi yangu.

Daftari hili amelinunua mke wangu, Justina. Amesema, "Hasira zako uwe unazimwagia humo. Humo hamna majirani." Basi, daftari, pole na kazi.

20 Oktoba

Kwa kuwa wewe ni mgeni, nikueleze. Nauza vipuri vya baiskeli hapa Dutwa, na nina kitambi ambacho hakuna baiskeli inayokipenda. Vilevile ni katibu wa kikundi cha Tujaribu, cha wakulima wa pamba wa Dutwa na Kasoli. Na Tujaribu, usicheke, ina ndege.

Si nzima. Msimu wa juzi pamba ilipolipa vizuri, kampuni ya ndege ya Mbayuwayu ilileta gari la matangazo, ngoma, na fulana za bure. "Miliki bawa lako!" Tukanunua hisa. Kampuni ilikuwa na ndege mbili, na kati yetu sote hakuna aliyewahi kupanda hata moja. Mayu Milembe wa Kasoli (mayu kwa Kisukuma ni mama), mjane, aliuza maksai wake wawili, Sukari na Diwani, waliokuwa wanamvutia plau. Alisema, "Ng'ombe anakufa na ukame. Chuma hakifi."

Sasa barua imekuja kwamba chuma kinakufa. Kampuni iko hoi. Wanataka kuiunda upya: ndege zake na banda lao la pale uwanja wa ndege viuzwe kwa mtu wanayemwita mwekezaji, na sisi wadogo tupewe kifuta jasho, tuage. Kura itapigwa Mwanza mwezi ujao.

Mimi sitaki kuuza. Mayu Milembe anataka. Anahitaji maksai kabla mvua hazijaanza, na kifuta jasho ndiyo njia pekee anayoiona. Asipolima msimu huu, mwakani atakuwa mgeni wa watu.

Ndiyo hali. Presha sijaipima tena.

22 Oktoba

Jua. Nimeuza tairi moja. Nimekasirika.

25 Oktoba

Kikao cha kikundi kwenye ghala la mwenyekiti wetu, Ndaki, anayenunua pamba na kufuga ng'ombe wengi kuliko nywele zake. Ghala ni tupu msimu huu, tumekalia magunia. Vumbi la pamba lilifanya kila mtu aonekane analia.

Ndaki akafungua kwa hekima: "Ukimshika mkia ng'ombe aliyekufa, utaoza naye mkono. Tuuze, tugawane, tulime."

Nikasema, "Mwenyekiti, kwani wewe wamekuahidi nini?"

"Nani kaniahidi?"

"Nimesikia kwenye kampuni mpya kutakuwa na kiti cha mwakilishi wa wakulima. Nimesikia na jina la atakayekikalia."

"Katibu, wewe unasikia sana kwa mtu anayeshinda anagonga rimu."

Watu wakacheka. Nikamwita chawa. Akauliza chawa maana yake nini. Kijana mmoja akamweleza kwamba ni mtu anayeganda kwenye nguo za mkubwa. Ndaki akasimama, mimi nikasimama, kitambi changu kikatangulia kufika, tukatenganishwa.

Mayu Milembe hakusimama. Alingoja tumalize kutweta. "Mkishamaliza kupigana," alisema, "mniambie nani kati yenu atavuta plau langu. Naona wote mna miili."

Hatukukubaliana kitu.

Narudi nyumbani nikijisifu kwamba mimi natetea haki. Kumbe ninachotetea ni hasira yangu, na mama wa watu anatetea shamba. Lakini hapana! Kuuza banda na ndege kwa mtu asiye na jina? Hapana.

26 Oktoba

Justina kasoma ya jana. "Umesahau kuandika kwamba ulianguka kwenye gunia." Nimeandika.

29 Oktoba

Leo amepiga simu Nancy, binti wa kampuni anayeshughulikia wanahisa. Nakiri naipenda sauti yake. Anaita watu "baba yangu" mpaka unataka kumtafutia mahari. Mayu Milembe alikuwa dukani kwangu, nikaweka simu kwa sauti ili naye asikie.

"Baba yangu, kikundi chenu mmeshaamua?"

"Bado. Kwanza tuambie, ndege zetu zikoje?"

"Moja inaruka, baba, ila kwa shida. Ile nyingine ilichunwa."

"Ilifanywaje?"

"Ilichunwa, baba. Injini, matairi, vifaa vya ndani, vilitolewa ili kuiokoa hii moja. Imebaki gamba tu."

Mayu Milembe aliinua kichwa. Alikuwa anapekua boksi la njuga. Akaisogelea simu kana kwamba Nancy amekaa ndani yake.

"Mwanangu, umesema imechunwa?"

"Ndiyo mama."

"Lini?"

"Mwaka jana, mama, kwenye mwezi wa nne."

"Na ngozi iko wapi?"

Nancy akasema mtandao unasumbua, akakata.

30 Oktoba

Kwa daftari lisilofuga, nieleze. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote kwake. Huwagawa kwa wenzake wawafugie, ili wa mashariki wakifa kwa ukame, wa magharibi wapone. Anayekufugia anakunywa maziwa, anachukua mbolea, ndiyo faida yake. Lakini ng'ombe akifa mikononi mwake, hakupigii simu kusema "pole, amekufa." Anakuja na ngozi na paja la nyama. Ngozi ni ushahidi kwamba amekufa kweli, hakuuzwa mnadani. Nyama ni kwamba hakumla peke yake. Ukiipokea ngozi, umekubali: ng'ombe alikufa, kesi imekwisha. Na asiyeleta ngozi, huyo ni mwizi tu, hata angelia machozi.

Mbayuwayu ilichunwa mwaka jana. Sisi hatukuambiwa, wala hatukuona hata uzi. Na mwaka huohuo walitutumia kalenda yenye picha ya ndege mbili!

Justina kasikia neno hilo la kuchunwa, kakaa chini kwa kicheko. "Mjini, mwanamume anayeliwa hela na kimada si wanasema buzi linachunwa? Basi ndege haikuchunwa peke yake, baba Mayige. Mmechunwa nyie. Kikundi kizima cha mabuzi." Nikajibu "mee," akacheka mpaka akalia.

Lakini usiku sikulala. Si ya kuchekesha.

4 Novemba

Mawingu upande wa ziwa. Yamekuja, yametutazama, yamerudi.

9 Novemba

Kikao tena. Nilijiandaa kupigana na mayu Milembe kwa hoja, nikakuta hoja zangu amezivaa yeye, tena zimemkaa vizuri kuliko mimi.

"Mimi nilisema tuuze," alisema. "Nilidhani naambiwa ng'ombe wawili wamekonda, tuwauze kabla hawajafa. Kumbe mmoja alishaliwa. Sasa aliyemla wangu bila kuniambia, huyu aliyebaki nitampaje auze? Siuzi mpaka nione ngozi."

Ndaki akasema, "Mayu, mvua inakuja. Utalimia nini?"

"Nitalimia mikono. Ninayo."

"Utalima robo."

"Basi nitakula robo."

Ndaki akawa anachambua pamba iliyokwama kwenye gunia. Tukakubaliana watatu twende Mwanza: yeye, mimi, mayu. Tuulize ngozi kwanza, kura baadaye. Ndaki alisema wazi kwamba yeye bado atapiga ya kuuza. Chawa ni chawa.

13 Novemba

Joto. Watu wameanza kusafisha mashamba kwa kuotea mvua. Kasoli nimemwona mayu Milembe akichoma mabua, peke yake, moshi umemfunika. Nilipita na pikipiki nikajifanya sikumwona, kwa aibu ya kukosa la kumwambia.

18 Novemba, Mwanza

Nimevua viatu, miguu imevimba, naandika kwenye chumba cha wageni ambacho shuka lake lina tundu linalonitazama. Niandike yote kabla presha haijaniwahi.

Ukumbi ulikuwa wa baridi ya mashine. Kila kiti kilikuwa na chupa ya maji na peni yenye picha ya mbayuwayu. Tulikuwa wengi: walimu wastaafu, wavuvi wa Nassa, akina mama wa vikoba, wote wenye bawa. Mbele alikaa Mwenyekiti wa kampuni, mtu wa Dar, suti ya bluu, kalamu tatu mfukoni. Nancy alikuwa pembeni na maikrofoni. Ni mwembamba, mdogo kuliko sauti yake.

Mwenyekiti alizungumza muda mrefu. Akasema kampuni "inapumzishwa ili izaliwe upya". Akasema mali "zitahamishiwa kwenye mikono yenye nguvu". Mvuvi mmoja akauliza hiyo mikono ni ya nani. Akajibiwa hiyo ni siri ya kibiashara. Mvuvi akasema, "Kwetu hata anayenunua dagaa anataja jina," akaambiwa akae.

Ikafika zamu yetu. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya Justina na kuku: thamani ya mali, haki za wanahisa wadogo, maneno mazito yote. Nancy akanipa maikrofoni. Nikasema, "Naitwa Joakim." Watu wakangoja. Nikasema tena, "Naitwa Joakim." Daftari, huo ndio mchango wangu wote katika historia ya usafiri wa anga.

Mayu Milembe akaichukua mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

Ukumbi mzima ukaitika, "Mwangaluka!" Mwenyekiti akatabasamu kwa kuchelewa.

"Mimi ni Milembe, wa Kasoli. Huyu baba nilimpa ng'ombe wangu anifugie. Maziwa amekunywa yeye, sikumuuliza, ndiyo haki ya anayefuga. Mbolea amepeleka shambani kwake, sikumuuliza. Leo ananiambia ng'ombe mmoja alikufa mwaka jana, na huyu aliyebaki nikubali auzwe. Sawa. Ng'ombe wanakufa. Lakini mimi sijaletewa ngozi. Nauliza: ngozi iko wapi?"

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Ngozi." Mwingine akarudia. Mara ukumbi wote: "Ngozi! Ngozi!" Walimu wastaafu wanagonga viti, wavuvi wamesimama. Nywele zilinisimama, zile chache.

Mwenyekiti akamwinamia jirani yake, wakanong'ona. Akaweka tabasamu, akanyoosha tai.

"Swali zuri sana kutoka kwa mama yetu," alisema. "Nimhakikishie mama kwamba viti vyote vya ngozi vimejumuishwa kwenye mauzo, na viko katika hali nzuri."

Sikuwahi kusikia sauti kama ile iliyofuata. Ilianza kama kicheko, halafu katikati ikageuka hasira. Mama mmoja alirusha peni. Nilimwangalia Nancy. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha macho, na nikajua kwamba yeye ameelewa neno kwa neno.

Kisha Ndaki akasimama. Nilijua anakwenda kutuliza watu ili aokoe kiti chake. Akavua kofia.

"Mzee," alimwambia Mwenyekiti, "mtu akikuuliza ngozi ya ng'ombe wake, hakuulizi kiti. Mimi nafuga na ninafugiwa. Anayenifugia angenijibu hivi, leo ng'ombe wangu wasingelala kwake." Akanigeukia. "Katibu, andika: Tujaribu tunakataa. Wote." Akakaa.

Nilimwita yule mtu chawa. Nimeiandika humu mara mbili. Sifuti, ili nijione.

Kura ya mikono. Wanaokubali: mikono michache, ya mbele. Wanaopinga: msitu. Tukapiga vigelegele. Mayu Milembe aliinua miwili, nikamshusha mmoja.

Ndipo mwanasheria wa kampuni akainuka, mtulivu kama mtu anayejua mwisho wa hadithi. Akasema kwa mujibu wa kanuni, matokeo yatahesabiwa kwa hisa. Mstari wa mbele mtu mmoja akainua mkono wake, una saa ya dhahabu. Huyo peke yake ana zaidi ya nusu. Mkono mmoja. Kwisha. Wameuza.

Basi kwa nini walituita? Kwa nini waliniuliza, simu baada ya simu, "baba yangu mmeamuaje"? Unamwita mtu safari yote hii, unampa maji na peni, aje ainue mkono usiohesabiwa! Afadhali wangetuibia kimya kimya. Wizi una heshima kuliko hii. Mwizi hakupi peni.

Nje, kwenye ngazi, Nancy alitukimbilia.

"Mayu," alisema, "mimi ni wa Nassa. Nimekuelewa."

"Kama umenielewa," mayu Milembe akamjibu, "rudi ndani ukawaeleweshe." Wala hakumwangalia.

19 Novemba

Tumerudi. Watatu kwenye basi. Ndaki alininunulia muhogo wa kuchoma Magu. Nikaula.

27 Novemba

Mvua! Imeanza alfajiri, kubwa, ya mawe kidogo. Barabara yote ya Dutwa ni plau na ng'ombe. Dukani hakuna mteja, kila mtu yuko shambani. Kila plau lililopita nilifikiria Sukari na Diwani, na kila nilipowafikiria nilimwona yule mtu mwenye saa.

Nimempigia Nancy kuuliza kifuta jasho. Amesema kitalipwa baada ya wadai wakubwa. Sauti ileile. Leo sikuipenda.

29 Novemba

Nilikwenda Kasoli kumsaidia mayu Milembe kulima kwa mkono. Justina alinisindikiza "ili kuwe na mtu wa kubeba maiti." Nililima mistari miwili na nusu. Ule nusu nililima nimekaa. Mayu alisema, "Katibu, jembe linashikwa, halikumbatiwi."

Tukasikia mluzi. Ndaki anakuja na maksai wawili, mweusi na wa madoa, plau limelazwa ubavu nyuma yao.

"Sikuomba," mayu alisema.

"Sijakuletea zawadi," Ndaki alijibu. "Nakupa unifugie. Maziwa hawana, lakini shingo wanazo. Kaa nao. Akifa mmoja, unajua cha kuniletea."

Mayu akawazunguka, akawashika nundu, akamfungua mweusi mdomo akahesabu meno. Akamfinya sikio. "Huyu mvivu," alisema.

"Mvivu," Ndaki alikubali. "Mwite Katibu."

Wakacheka wote watatu, na mke wangu ndiye aliyecheka zaidi. Sasa kuna ng'ombe Kasoli anachapwa kwa cheo changu.

16 Desemba

Mvua. Kifuta jasho, hakuna. Katibu (yule wa miguu minne) anaendelea vizuri. Huyu wa miwili, presha imepanda.

7 Januari

Leo kuna mzigo. Wakala wa basi ametuita stendi, mzigo wa Tujaribu kutoka Mwanza. Tumekwenda mimi, Ndaki na mayu Milembe, aliyetoka shambani na matope yake. Ni boksi bapa. Nikalifungua kwa kisu cha wakala.

Ndani kuna fremu ya kioo. Ndani ya kioo kuna kipande cha bati la ndege, kimekatwa vizuri, kina rangi nyeupe na nusu ya bawa la mbayuwayu. Chini yake kibao: "Kumbukumbu ya safari yetu." Na kadi: "Kwa kuheshimu mila za wanahisa wetu wa Simiyu, tunawakabidhi ngozi. Tunaamini suala hili sasa limefungwa. Wenu, Mwenyekiti."

Daftari, nilidhani mishipa inakatika. Viti nilivisamehe, ulikuwa ujinga. Huu si ujinga. Ameuliza, amefundishwa, ameelewa, kisha akaichukua mila yetu akaifanya kufuli.

Wakala akasogeza kitabu chake. "Nani anasaini kupokea?"

Nikaona Ndaki ameganda. Nami nikaganda. Kalamu iko mezani, wote tunajua ukipokea ngozi maana yake nini.

Mayu Milembe alikiinua kile kioo kwenye mwanga, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Alikigonga kwa kucha. Akanusa.

"Ngozi ndiyo," alisema. "Sasa nyama iko wapi?"

Akanigeukia.

"Injini walitoa, matairi walitoa. Nani alikula? Ngozi bila paja ni ya mtu aliyechinja, akala, akashiba, akanitupia niikalie." Akakirudisha ndani ya boksi, akafunika kama unavyofunika chakula kilichochacha. "Basi la kurudi Mwanza ni saa ngapi?"

Wakala akasema linaondoka sasa hivi, lakini mzigo unaorudishwa lazima uandikwe sababu. Akanipa kalamu. Niliandika juu ya boksi, kwa herufi kubwa, neno alilosema mayu, moja tu: NYAMA?

Ndaki alilipa nauli ya mzigo. Tulisimama mpaka basi likapotea.

11 Januari

Pamba ya Kasoli imetoa majani ya kwanza, imejaa mistari.

Nancy amepiga. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Baba yangu, mzigo umerudi. Mwenyekiti ananiuliza hiyo nyama ndiyo nini."

"Wewe umemjibuje?"

"Bado, baba. Nimetoka nje ndiyo nikupigie kwanza."

"Rudi ndani," nikamwambia. "Mweleze vizuri mpaka mwisho. Na umwambie mapema, mwanangu, asije akatuletea kitoweo: safari hii pia hatuulizi viti."